Nendeni Nyumbani, Alisema Meya

Asubuhi ya Jumamosi, 30 Mei 2020, nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za ploti yetu Huruma, orofa ya tatu, pale tu ambapo mtandao ulikuwa unashika. Chuo kilikuwa kimefungwa tangu Machi. Mathee alikuwa ametoka mara tu kafyu ilipoisha, kwenda kuchukua sukuma na nyanya. Biashara yake ni ya jioni, ya watu wanaoshuka matatu wakitoka kazini, na wakati huo jioni ilikuwa imepigwa marufuku Nairobi. Mimi nilikuwa na bando la bob ishirini. Nikalimaliza lote kwa video moja.

Kwenye hiyo video, mwanamke mweusi amesimama mbele ya maikrofoni na macho yake yamechoka. Anaitwa Keisha Lance Bottoms, meya wa Atlanta, jimbo la Georgia, Marekani. Siku nne kabla ya hapo, huko Minneapolis, polisi alikuwa amemwekea George Floyd goti shingoni kwa zaidi ya dakika tisa mpaka akafa. Sasa Atlanta ilikuwa inaungua, korona ilikuwa inaua, na meya alikuwa na neno moja kwa watu wake: nendeni nyumbani. Kama unalipenda hili jiji, alisema, nenda nyumbani.

Tangu siku hiyo nimeacha chuo, nimehama keja mara tatu, nimebadilisha simu mbili, na bado nairudia hotuba ile. Mwanzoni niliirudia kwa sababu ilinigusa. Siku hizi nairudia kwa sababu ya swali ambalo haikulijibu. Mtu akikuambia uende nyumbani, nani anachunga njia ya kufika huko? Na ukishafika, nani anachunga mlango?

*

Tuanze na siku yenyewe.

Ijumaa, 29 Mei, maandamano katikati ya Atlanta yalianza kwa amani. Kufikia jioni magari ya polisi yalikuwa yanachomwa, vioo vya makao makuu ya CNN vinavunjwa na maduka yanaporwa. Bottoms akaita wanahabari. Pembeni yake alikuwa Bernice King, bintiye Martin Luther King, pamoja na marapa wawili wa mji huo, T.I. na Killer Mike. Killer Mike alisema yeye ni mtoto wa polisi wa Atlanta. Akalia mbele ya kamera, akawasihi watu wasichome nyumba yao wenyewe kwa sababu ya hasira waliyo nayo kwa adui. Waiimarishe, iwe mahali pa kukimbilia.

Bottoms alianza na nafsi yake. Kabla ya kuwa kitu kingine chochote, alisema, yeye ni mama. Ni mama wa watoto wanne weusi nchini Marekani, na mmoja wao ana miaka 18. Alipoona jinsi Floyd alivyouawa, aliumia kama mama anavyoumia. Halafu akasimulia kwamba aliposikia tetesi za vurugu alimpigia mwanawe simu akamuuliza: uko wapi? Akamwambia: siwezi kukulinda, na vijana weusi hawafai kuwa nje leo.

Baada ya hapo sauti ikabadilika, akawa meya. Haya si maandamano, alisema, na hii si roho ya King. Hii ni vurugu. King alipouawa, hatukulifanyia jiji letu hivi. Mkitaka mabadiliko, mjiandikishe kupiga kura, mjitokeze tarehe 9 Juni. Kesho yake akaongeza kwamba kama ulikuwa kwenye maandamano jana usiku, enda ukapimwe korona, maana bado kuna gonjwa nchini linaloua watu weusi kwa wingi kuliko wengine.

Lazima uelewe uzito wa hilo la mwisho. Gavana wa Georgia, Brian Kemp, alikuwa ameruhusu vinyozi, saluni, gym na wachora tatuu kufungua kuanzia 24 Aprili, na meya alimpinga. Kwa hiyo mwezi mzima mwanamke huyu alikuwa anawaambia watu wake wakae nyumbani wasije wakafa kwa pumzi ya jirani. Sasa alikuwa anawaambia waende nyumbani kwa sababu nyingine kabisa. Amri ilikuwa ile ile, na walioambiwa walikuwa wale wale.

Mathee aliporudi mchana nilimwonyesha hiyo video. Kiingereza cha Wamarekani humponyoka, kwa hivyo nikawa namtafsiria sentensi kwa sentensi. Alipofika pale pa simu ya mtoto alitikisa kichwa kwa huruma. Halafu akaniuliza, huku akichambua sukuma:

"Sasa kama yeye ndiye meya na hawezi kumlinda wake, wa wengine atawalinda nani?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia bando limeisha.

*

Si eti sisi hapa tulikuwa na wa kutusemesha vizuri zaidi.

Februari mwaka huo gavana wa Nairobi, Mike Sonko, alikuwa ametia saini kuikabidhi serikali kuu kazi kubwa za kaunti: afya, uchukuzi, ujenzi na mipango ya jiji. Machi likaja shirika jipya, Nairobi Metropolitan Services, na mkuu wake alikuwa mwanajeshi, Meja Jenerali Mohamed Badi. Aprili, Sonko akatangaza kwamba kwenye vifurushi vya chakula atatia vichupa vya Hennessy, ati vinaua virusi kooni. Watu wakacheka, mimi pia nikacheka. Desemba Seneti ikamng'oa. Kwa hivyo kufikia Mei jiji letu lilikuwa na sauti mbili tu, ya kichekesho na ya amri.

Amri ilikuwa "kaa nyumbani". Iliandikwa kwenye mabango, ikaimbwa redioni, ikatumwa kwa simu. Kafyu ilianza 27 Machi, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Siku hiyo ya kwanza, kwenye kivuko cha Likoni, Mombasa, polisi waliwapiga watu na kuwarushia vitoa machozi kabla hata saa ya kafyu haijafika. Watu wenyewe walikuwa wanapanga foleni ya feri ili waende nyumbani.

Siku tatu baadaye, 30 Machi, huko Kiamaiko, hatua chache tu kutoka kwetu, mtoto wa miaka 13 alikuwa amesimama kwenye roshani ya kwao. Polisi waliokuwa wakitekeleza kafyu wakafyatua risasi, na moja ikampata. Hakuwa ametoka. Alikuwa nyumbani, juu, pamoja na familia yake. Baadaye Rais Uhuru Kenyatta aliwaomba Wakenya radhi kwa jinsi polisi walivyotumia nguvu, na afisa mmoja akashtakiwa kwa mauaji. Lakini usiku ule, kwenye ploti yetu, watu walifanya jambo moja bila kuambizana. Kila mtu aliondoka kwenye roshani, akazima taa na kukaa sakafuni, mbali na dirisha. Mathee alivuta godoro hadi kwenye ukuta wa ndani. Tulilala hivyo karibu mwezi mzima.

Halafu 4 Mei, Kariobangi, matingatinga yalikuja alfajiri. Maelfu ya watu waliamka na nyumba, wakala chakula cha mchana bila nyumba, katikati ya gonjwa ambalo dawa yake pekee ilikuwa kukaa nyumbani. Rafiki yangu mmoja aliyekuwa na shangazi huko alinitumia picha ya bango la "Kaa Nyumbani" likiwa bado limesimama. Hakuandika neno chini yake.

Ndiyo maana hotuba ya Atlanta ilinishika. Ilikuwa amri ile ile ya kwetu, ila imevaa nguo za mama. Na mimi nilitaka sana kuamini kwamba ikivaa hivyo inakuwa kitu kingine.

*

Ili ujue kama hotuba ilifanya kazi, inabidi ujue Atlanta.

Huu ni mji ambao meya wake wa zamani, William Hartsfield, aliutangaza kuwa mji ulio na shughuli nyingi mno hauna nafasi ya chuki. Wazungu wenye biashara na viongozi weusi, hasa wa makanisa na vyuo, walikuwa na mapatano yao. Wewe tulia, mimi nitafungua mlango kidogo kidogo. Pesa iendelee kuingia.

Tarehe 6 Septemba 1966 mapatano hayo yalijaribiwa mtaani Summerhill, kusini kidogo mwa katikati ya jiji. Polisi alimpiga risasi mtu mweusi aliyeshukiwa kuiba gari, na watu wakajaa barabarani. Meya wakati huo alikuwa Ivan Allen, mzungu na mfanyabiashara. Hakuwa mtu mbaya. Mwaka 1963 alienda Washington kuitetea sheria ya haki za raia mbele ya kamati ya Seneti, jambo ambalo karibu hakuna mzungu mwenzake wa kusini mwenye cheo alithubutu kulifanya. Siku hiyo ya Summerhill alifika mwenyewe, akapanda juu ya gari na kipaza sauti cha mkononi, akawasihi watu watulie. Akawaambia wamfuate hadi uwanja wa michezo uliokuwa karibu wakazungumze huko.

Umati ulilitikisa gari mpaka ikabidi ashuke. Kisha vikaja vitoa machozi.

Huo uwanja ulikuwa umefunguliwa mwaka uliotangulia tu, 1965. Ulijengwa kwenye ardhi iliyokuwa na makazi ya watu, mtaa ulioitwa Washington-Rawson, ambao ulibomolewa kwa jina la kuendeleza mji. Barabara kuu za magari nazo zilikuwa zimekata mitaa hiyo ya watu weusi. Kwa hivyo meya alisimama juu ya gari akawaalika watu wakatulie mahali palipopatikana kwa kuwabomolea majirani zao. Nikisoma hapo huwa naiona Kariobangi. Maneno yake yalikuwa mazuri kabisa, lakini ardhi aliyokuwa anaielekezea kidole ilikuwa na historia yake.

Miaka miwili baadaye Allen huyo huyo alifanya jambo ambalo nalikumbuka zaidi ya hotuba yoyote. Jioni ya 4 Aprili 1968, King alipopigwa risasi Memphis, Allen alienda kumsindikiza Coretta, mkewe, hadi uwanja wa ndege. Hapo uwanjani ndipo zilipomfikia habari kwamba mumewe amekufa. Coretta akaamua kurudi kwa watoto wake, na meya akarudi naye hadi nyumbani. Siku zile zaidi ya miji 100 ya Marekani ililipuka. Atlanta haikuungua. Tarehe 9 Aprili zaidi ya watu 100,000 walimzika King kwa utulivu.

Sisemi kwamba mji ulitulia kwa sababu ya tendo moja la meya. Ulikuwa mji wa King, watu walikuwa na kilio chao, na makanisa na vyuo vya weusi vilifanya kazi kubwa. Lakini tofauti ya Allen wa 1966 na Allen wa 1968 ni rahisi kuiona. Wa kwanza aliongea akiwa juu ya gari. Wa pili alitembea na mtu hadi mlangoni kwake.

Mwaka 1973 Atlanta ilimchagua Maynard Jackson, meya wa kwanza mweusi, na tangu hapo kila meya wa mji huo amekuwa mweusi. Bottoms alizaliwa mwaka 1970, kwa hivyo alikua akijua kwamba anayeongoza City Hall anafanana naye. Alikua akijua na jambo lingine. Baba yake, mwimbaji Major Lance, alikamatwa kwa dawa za kulevya. Bottoms alikuwa na miaka 8, na alirudi kutoka shule akawakuta polisi nyumbani. Alipokuwa meya, mwaka 2018, mji ulifuta dhamana ya pesa taslimu kwa makosa madogo, ili maskini wasioze rumande kwa kukosa senti. Huyu hakuwa meya asiyejua polisi wakibisha mlango inakuwaje. Ndiyo maana sikubaliani na wale waliosema hotuba yake ilikuwa maigizo. Naamini kila neno la ule umama lilikuwa kweli.

Shida ni kwamba meya ndiye anayemteua mkuu wa polisi.

*

Sasa tazama wiki zilizofuata.

Jumamosi, 30 Mei, kafyu ikaanza Atlanta saa tatu usiku. Usiku huo wanafunzi wawili weusi wa chuo walikwama ndani ya gari kwenye msongamano wa katikati ya jiji. Polisi walivunja dirisha, wakawapiga kwa bunduki za umeme na kuwatoa nje huku kamera za televisheni zikirekodi. Bottoms alipoona picha hizo aliwafuta kazi maafisa wawili kesho yake. Ni haki kumsifu kwa hilo.

Tarehe 9 Juni, siku aliyowaambia wajitokeze kupiga kura, watu walijitokeza. Kwenye vituo vingi vya Atlanta mashine mpya zilikataa kufanya kazi, vituo vingine vilikuwa vimepunguzwa kwa sababu ya korona, na watu wakasimama kwenye foleni kwa masaa. Unaambiwa usijazane barabarani, halafu unajazana kwenye foleni ya kura.

Kisha ikafika Ijumaa, 12 Juni. Hesabu mwenyewe: wiki mbili kamili tangu hotuba. Rayshard Brooks, kijana wa miaka 27, alipatwa na usingizi ndani ya gari kwenye foleni ya kununua chakula, mkahawa wa Wendy's, University Avenue, si mbali na Summerhill. Polisi wakamwamsha. Video zipo, na kwa muda mrefu wanaongea naye kwa upole, naye anawajibu kwa heshima. Alikuwa amekunywa, na kipimo kilionyesha hivyo. Lakini kabla ya hapo aliwaomba kitu kimoja. Aliomba aache gari pale pale atembee kwa miguu hadi kwa dadake, maana si mbali.

Soma tena hapo. Alikuwa anaomba kufanya kile ambacho meya aliwaagiza watu wote wafanye.

Hawakumruhusu. Walipotaka kumfunga pingu purukushani ikazuka. Akanyakua bunduki ya umeme ya polisi, akakimbia, akageuza mkono nyuma na kuifyatua. Afisa mmoja akampiga risasi mbili mgongoni. Kesho yake mkuu wa polisi alijiuzulu, Bottoms akasema haamini kwamba nguvu ile ilistahili, na usiku ule mkahawa ukateketezwa. Afisa alifutwa kazi na kushtakiwa. Mwaka 2021 alirudishwa kwa sababu utaratibu wa kumfuta haukufuatwa, na mwaka 2022 mashtaka yakaondolewa.

Tarehe 4 Julai, karibu na magofu ya mkahawa huo huo, watu wenye silaha waliokuwa wamefunga barabara waliifyatulia risasi gari moja. Ndani yake kulikuwa na msichana wa miaka 8 pamoja na mama yake. Msichana akafa. Bottoms akasimama tena mbele ya kamera na kusema yatosha. Kesho yake, 6 Julai, akatangaza kwamba yeye mwenyewe ana korona. Siku mbili baadaye akaamuru barakoa zivaliwe mjini, na gavana akamshtaki mahakamani kwa amri hiyo. Kesi iliondolewa Agosti. Mei 2021 alisema hatagombea tena.

Wakati mwingine nafikiri hotuba ilikuwa imetuambia ukweli wote tangu mwanzo na sisi tukaipita tukikimbilia mwisho. Tuliishia kusambaza "nendeni nyumbani". Sentensi yenyewe ilikuwa ile nyingine, ya simu: siwezi kukulinda. Meya alikiri hadharani, kwa mwanawe, kwamba kijana mweusi akitoka nje ya mlango, hata cheo cha mama yake hakimfikii. Halafu akamalizia kwa kuwaambia vijana wengine wote waamini njia ile ile.

*

Kuna "nendeni nyumbani" nyingine, ya hapa kwetu, ambayo nilikutana nayo baadaye nikisoma historia kivyangu, bila chuo.

Februari 1992, akina mama wazee, wengi kutoka mashambani, walimwendea Mwanasheria Mkuu kuomba wana wao waliofungwa kwa siasa waachiliwe. Wakaambiwa waende nyumbani wasubiri. Wakajibu kwamba watasubiri, ila si nyumbani. Wakaenda Uhuru Park, kwenye kona ambayo leo tunaiita Freedom Corner, wakaanza kufunga kula, Wangari Maathai akiwa nao. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa virungu na vitoa machozi. Baadhi ya akina mama wakavua nguo zao mbele ya polisi, na kila mtu aliyelelewa na nyanya anajua hiyo ni laana ya namna gani. Wakahamia All Saints Cathedral na kukaa huko karibu mwaka mzima. Kufikia mwanzo wa 1993 wafungwa wao walikuwa wameachiliwa, isipokuwa mmoja.

Nimeziweka hizi picha mbili pembeni kwa pembeni mara nyingi: mama aliye meya anayempigia mwanawe simu arudi, na mama asiye na cheo anayekataa kurudi mpaka mwanawe arudi. Zamani ningekwambia wa pili ndiye shujaa, nimalize hapo. Sasa sina haraka hiyo. Hofu yao ni moja. Kilichowatenganisha ni nani alikuwa na polisi mkononi. Akina mama wa Freedom Corner walikuwa na miili yao tu. Bottoms alikuwa na jeshi zima la polisi la jiji, na jioni ile aliwaomba wakazi wasahau hilo kwa dakika chache wamwone kama mama.

Mama akisema rudi nyumbani, yeye ndiye atakayefungua mlango. Kiongozi akisema hivyo anatoa ahadi, hata kama hajui kama anaahidi: kwamba njia iko salama, kwamba nyumba bado imesimama, kwamba askari hatapiga risasi kuelekea roshani. Asipoweza kuahidi hayo, basi anawaomba tu watu waondoke mbele ya macho yake.

*

Namaliza na simu moja.

Tarehe 25 Juni 2024 nilikuwa mjini, na nyinyi wengi mlikuwepo. Mswada wa Fedha, bendera, maji ya chupa ya kunawa macho, watu waliokuwa hawajawahi kuonana wakishikana mikono. Mchana, saa ambayo milio ilikuwa imebadilika na sote tukajua haya si mabomu ya machozi tena, simu yangu ikaita. Mathee.

"Uko wapi?"

"Niko keja."

Kimya. Nyuma yangu mtu alikuwa anaitisha msaada kwa sauti, na kulikuwa na mlio mwingine. Najua aliusikia. Nilikuwa nangoja aniambie niende nyumbani. Nilikuwa hata nimeandaa jibu, kuhusu Freedom Corner, kuhusu Atlanta, kuhusu mtoto wa Kiamaiko. Miaka minne ya kusoma, yote tayari mdomoni.

"Sawa," akasema. "Sasa ukitoka hapo keja, usipite Moi Avenue. Wamejaa huko, mwenzangu ametoka sasa hivi. Shuka na Ngara, utembee mpaka Pangani, uingie Juja Road. Kuja kwangu, usiende kwako. Simu yako usiizime."

Nilipita njia hiyo. Ilinichukua zaidi ya saa moja na nusu, na nilikuta ni kama alivyosema. Kuanzia Pangani maduka mengi yalikuwa yamefungwa, lakini watu walikuwa wamekaa nje ya milango wakituangalia tukipita. Mwanamke mmoja alinipa maji bila kuniuliza jina. Nilipofika kona ya ploti yetu Mathee alikuwa amesimama chini, getini, na leso mabegani, simu mkononi. Hakusema kitu. Alinusa koti langu, akaniambia nilivue kabla sijaingia ndani, kisha akatangulia kupanda ngazi.